Nikimwacha atajidhuru, nikibaki naisha

Msomaji mmoja, mwanamume wa miaka 34, ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha hivi:

"Mshauri, habari za kazi. Naishi na mwenzangu mwaka wa tano sasa, hatujafunga ndoa na hatuna mtoto. Akiwa vizuri hakuna mtu mwenye upendo kama yeye. Akichafuka ananifokea, ananitukana, anarusha vitu, kisha ananinunia hata siku tatu. Mwaka jana glasi ilinipata begani. Akirudi jioni nasikiliza anavyoweka funguo mezani, nikishasikia najua usiku utakuwaje. Nimeondoka mara mbili na mara zote nimerudi, kwa sababu alisema nikimwacha atajiua. Amelelewa kwa mateso na namwonea huruma. Marafiki wananicheka, mwanaume mzima unamwogopa mwanamke. Bado nampenda, ila nikibaki naisha. Je, nikiondoka nitakuwa nimemtupa mgonjwa? Na kama kuondoka ni sahihi, mbona kila nikiondoka natamani kurudi? Mdogo wake anaolewa wiki tatu zijazo, nisubiri ipite?"

Kaka, nianze na lile unalolisubiri. Unaweza kuondoka huku bado unampenda. Wengi walio katika hali yako hungoja siku mapenzi yatakapokwisha ndipo wafunge mizigo, na siku hiyo haifiki, kwa sababu kila vurugu ya Ijumaa inafuatwa na Jumapili tamu inayoyafufua. Mtu huondoka kwanza, mapenzi yakapungua baadaye, tena taratibu kuliko anavyotaka. Ukinielewa hapo tu, nusu ya barua yako imejibiwa.

Hilo la funguo nimelirudia kusoma. Mtu anayeujua usiku wake kwa mlio wa funguo mezani ameuweka mwili wake zamu saa zote. Naamini yapo na mengine ambayo hukuyaandika: unafuta ujumbe wa dada yako kabla haujaonekana, unapanga maneno njiani ili sentensi ya kwanza isimkwaze, rafiki akikuuliza unataka kufanya nini wikiendi akili inakimbilia kwanza yeye atasemaje. Hayo yanakula mtu kuliko hata ile glasi. Glasi ilikupata mara moja. Kuishi roho juu ni kila siku.

Wanaokucheka waache. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Shirika la Afya Duniani lilitoa makadirio mwaka 2021 kwamba takribani mwanamke 1 kati ya 3 duniani amewahi kupigwa au kulazimishwa ngono maishani mwake, mara nyingi na mwenza wake, ndiyo maana mazungumzo haya huelekea zaidi kwa wanawake, na ni sawa. Lakini hilo haligeuzi bega lako kuwa mzaha. Wanaume ninaozungumza nao huchelewa kusema, na wakisema huanza kwa kucheka wenyewe kabla hawajachekwa. Barua yako nayo ilianza kwa utani, nimeukata.

Sasa ugonjwa. Sijamwona mwenzio, na mtu anayetoa jina la ugonjwa kwa kusikia upande mmoja anacheza na taaluma. Huenda ana sonona, huenda ni majeraha ya utotoni, huenda ni tatizo la haiba linalofanya hisia zipande ghafla na kushuka kwa taabu. Huenda si ugonjwa wowote. Siku hizi kila anayebadilika anaambiwa ana bipola, ule ugonjwa wa vipindi vya uchangamfu na vya huzuni, ila kwa vigezo vya madaktari kipindi cha uchangamfu uliopitiliza hudumu siku 4 hadi 7 au zaidi, na cha huzuni wiki 2 au zaidi. Mtu anayewaka kwa kuulizwa mbona umechelewa, akapoa kabla ya kulala, huyo ana jambo jingine.

Tuseme ni mgonjwa kweli. Matibabu yapo. Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani, alibuni tiba mahususi kwa watu ambao hisia zao huwaka haraka na ambao hufikia kujidhuru. Matokeo ya jaribio lake la kwanza yalitoka mwaka 1991, na mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kulazwa katika hospitali ya akili alipokuwa binti. Watu hupona, au angalau hujifunza kuishi bila kuwachoma wengine. Ila tiba ile anaifanya mgonjwa mwenyewe, kila wiki, mara nyingi kwa mwaka mzima. Hakuna namna yake ambayo mwenza anaifanya kwa niaba yake, kwa kunyamaza vizuri zaidi au kuomba radhi mapema zaidi. Miaka mitano umejaribu hiyo, na hajapona. Kwa hiyo humtupi mgonjwa; unaacha kazi ambayo hukuwa na uwezo nayo tangu mwanzo.

Jiulize pia, bosi wake akimkera, humrushia glasi? Mwenye nyumba akija kudai kodi saa mbaya, hufokewa? Kama anaweza kujizuia mbele ya hao, basi breki anazo, na nyumbani hazikanyagi. Silitumii swali hili kama hukumu, maana wapo wanaojibana kutwa nzima wakalipuka wakifika kwao. Nataka tu uache kuamini kwamba ni mvua isiyo na mwenyewe.

Utakapomwambia unaondoka, ataahidi kwenda kutibiwa. Ahadi inayotolewa begi likiwa mlangoni huwa ya begi. Akienda kliniki miezi 6 bila kusukumwa na mtu, hapo mnaweza kuketi na kuzungumza, kila mmoja akiwa anaishi kwake. Na msianze na ushauri wa wawili pamoja. Siupendekezi mahali ambapo mmoja anamwogopa mwenzake: utakalolisema asubuhi mbele ya mshauri utalilipia jioni.

Kwa nini basi unatamani kurudi? Mwaka 1957, wanasaikolojia Charles Ferster na B. F. Skinner walichapisha matokeo ya miaka ya majaribio ambayo mengi walitumia njiwa. Njiwa aliyepewa punje kila alipogonga kitufe, punje zilipokatika aliacha mapema. Aliyekuwa akipewa bila mpangilio, leo mara hii kesho mara ile, aligonga na kugonga muda mrefu baada ya punje kwisha. Upendo wa mwenzio unakujia kwa mtindo huo wa pili. Huwezi kujua ni jioni ipi atakukumbatia, kwa hiyo unabaki unagonga. Angekuwa mkatili siku zote, ungeshaondoka mwaka wa kwanza.

Donald Dutton na Susan Painter wa Kanada walilichunguza hili kwa binadamu. Katika utafiti wao wa mwaka 1993 waliwafuatilia wanawake 75 waliokuwa wametoka karibuni kwa wenza wakatili, na wakaona kwamba kule kubadilikabadilika kati ya wema na ukatili kulikwenda sambamba na nguvu ya mshikamano, yaani kule moyo kubaki umefungwa kwa mwenza. Baada ya miezi 6 ya kutengana, mshikamano ulikuwa umepungua kwa takribani robo tu. Rudia kuisoma hiyo. Nusu mwaka nje, na sehemu kubwa ya kuvutwa bado ipo. Walichunguzwa wanawake, lakini sioni kwa nini moyo wako uwe wa udongo mwingine. Kwa hiyo mwezi wa tatu ukijikuta umepita mtaani kwake "kwa bahati", usiseme moyo umekuonyesha kwamba ulikosea. Moyo unafanya kile kinachotarajiwa.

Tuje kwenye lile zito. Amesema atajiua. Lichukulie kwa uzito wote, kila mara, hata kama unahisi anakutisha tu, kwa kuwa si wewe wala mimi tunayeweza kupima kwa simu. Lakini kulichukulia kwa uzito ni kumfikishia msaada, na kurudi kwako si msaada huo. Ulirudi mara mbili. Je, aliacha kusema? Kwa kadiri ya barua yako, alijifunza kwamba neno hilo linafanya kazi.

Kabla hujaondoka, chagua mtu mmoja au wawili wa upande wake, dada, mama, rafiki wa karibu, anayeaminika. Siku ya kuondoka mwambie waziwazi: "Natoka leo. Ameshawahi kusema atajiua nikimwacha. Naomba uwe naye usiku huu na siku zinazofuata, na dawa na vitu vya hatari viwekwe mbali." Hiyo si kumwaibisha. Siri ya namna hiyo ndiyo inayoua watu. Akikupigia akisema ana vidonge mkononi, piga simu ya dharura ya eneo lenu na mpigie ndugu yake, mwambie mwenzio kwamba umefanya hivyo, baki hewani ukiweza mpaka mtu afike. Usiende peke yako. Usiahidi kurudi ili atulie, hata kama sentensi hiyo ipo ulimini, maana kesho yake utakuwa umeanza upya na safari hii kwa bei kubwa zaidi. Na ikitokea akajidhuru kweli, uchungu utakuwa mkubwa, lakini uamuzi ule utakuwa wake. Mtu anaweza kuachwa na asife. Wengi huachwa kila siku.

Na wewe mwenyewe je? Umeandika "nikibaki naisha". Kama maana yake ni uchovu, nimekuelewa. Kama ina maana nyingine, usiipeleke kwa mshauri wa kwenye maandishi. Mwambie mtu unayeweza kumwona uso leo hii, ndugu, daktari, yeyote.

Kuna maswali nayauliza kila mtu kabla hajatoka. Amewahi kukukaba koo? Amewahi kushika kisu au silaha nyingine akikutishia? Amekufuata kazini, amekagua simu yako, amekuzuia mlangoni? Vipindi vya kuachana ndivyo vya hatari kuliko siku za kawaida, na kukabwa koo ni dalili mbaya mno: mtafiti Nancy Glass na wenzake walionyesha mwaka 2008 kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenza wake alikuwa na uwezekano wa kuuawa naye zaidi ya mara 7 kuliko ambaye hakukabwa. Kama jibu ni ndiyo kwa lolote kati ya hayo, usipange peke yako. Tafuta wanaohudumia waathirika wa ukatili majumbani au polisi, na uliza mapema kama wanapokea wanaume, ili usigongwe na jibu baya siku ambayo huna pa kwenda.

Kwako wewe mwenye mwili mkubwa kuliko wake naongeza moja. Akisimama mlangoni, usimsukume. Rudi ukae, ngoja, toka akitoka yeye. Msukumo mmoja mdogo unaweza kukugeuza mshtakiwa, na kusema kweli unaweza kumuumiza pia. Lile bega, kama una picha yake au cheti cha zahanati, kihifadhi pamoja na tarehe mahali asipopafikia.

Kuondoka kwenyewe kufanyike siku tulivu, yeye akiwa hayupo, si katikati ya ugomvi. Katikati ya ugomvi mtu hutoka na shati moja na hasira, na vyote viwili huisha usiku ule ule. Toa kwanza nyaraka zako: kitambulisho, pasipoti, vyeti, kadi ya benki, mkataba wa nyumba. Kama jina lililo kwenye mkataba ni lako, zungumza na mwenye nyumba kabla. Badilisha nywila za barua pepe na za benki ukitumia simu ambayo hajawahi kuishika, na zima ile huduma inayomwonyesha ulipo. Watu huisahau, kisha wanashangaa mtu amewafikiaje. Fedha kidogo ziwe mbali na akaunti mnayoijua wote. Mahali pa kulala pajulikane na mtu mmoja tu unayemwamini.

Umesema unaandaa barua ya kurasa tatu kumweleza kila kitu. Iandike, kisha baki nayo. Kila sababu utakayompa ni mlango wa mjadala: utasema "unanifokea", atasema "sitafoka tena", na mmeshaanza upya. Mpelekee hivi:

"Nimeondoka na sitarudi. Nimelifikiria muda mrefu na sitabadilisha. Vitu vyangu vilivyobaki atavifuata kaka yangu, mpangie siku yeye. Sitapokea simu."

Ni fupi, najua, na itakuuma kuituma kwa mtu uliyempenda miaka mitano. Angalia lakini kwamba haina tusi, haina "labda", wala "kwa sasa". Hilo "kwa sasa" ndilo lililokurudisha mara ya pili, uliliandika mwenyewe katika sehemu niliyoifupisha.

Baada ya hapo jiandae kwa kishindo. Tabia iliyozoea kulipwa, malipo yakikatika, mara nyingi hupanda kwanza ndipo ishuke. Wanasaikolojia wanalijua hili tangu zamani. Utapata radhi ndefu usiku, matusi asubuhi, picha ya zamani mchana, habari kwamba anaumwa, koti lako amelikuta, shangazi yake anataka kukusalimia tu. Ukinyamaza kwa ujumbe 29 ukajibu wa 30, umemfundisha kwamba bei ni 30. Mzuie kwenye simu. Kama unaogopa kukosa taarifa ya dharura, yule ndugu yake uliyemwambia ana namba yako. Wale marafiki wa pande zote mbili waambie mara moja kwamba hutaki salamu wala habari zake, na atakayeendelea kuleta umpunguze.

Wiki za mwanzo mwili utakushangaza. Helen Fisher na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2010, waliwaweka watu 15 walioachwa na wapenzi wao ndani ya mashine ya kupiga picha ubongo, wakawaonyesha picha za waliowaacha. Sehemu zilizoamka zilikuwamo zile zinazohusika na uraibu wa kokeini. Sasa unaelewa saa nane za usiku. Usingizi utakatika, chakula kitakosa ladha, mlio wa funguo za jirani utakushtua, na, hili watu hawaambiwi, utulivu utakuchosha. Mtu aliyezoea dhoruba akikaa jioni nzima bila kisa huhisi kama kuna kitu kimeharibika. Ndiyo maana wengine hutoka kwa mwenye hasira za karibu wakaingia kwa mwingine wa aina ile ile, wakisema yule mpole "hana mvuto". Mpe mwili muda ujifunze amani kabla hujampima mtu mwingine kwa mvuto.

Andika orodha ya matukio, kavu, bila maoni: tarehe kama unaikumbuka, alichosema, alichofanya, ulichofanya baada yake. "Alirusha glasi. Nilifagia vipande. Nikamwomba radhi mimi." Isome kila tamaa ya kurudi inapokuja, kwa sababu kumbukumbu huanza na zile Jumapili. Yapo pia maandishi ya kutua mzigo: James Pennebaker, mwaka 1986, aliwaomba watu waandike kwa dakika 15 usiku, siku 4 mfululizo, juu ya jambo lililowaumiza mno, na walioandika tukio pamoja na hisia zao walikwenda kituo cha afya mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Huwasaidia wengi, si wote. Ukiona unatoka humo umevurugika zaidi, acha, wala usijilazimishe.

Yaombolezee pia yale mazuri. Yalikuwapo, na kujifanya hayakuwapo kutakuchelewesha. Na kama nawe kuna siku ulimtukana, au ulivunja kitu, likubali hilo pekee kama lako. Huna haja ya kurudi ili ulilipe.

Daktari wa akili Judith Herman aliugawa uponyaji wa majeraha ya aina hii katika hatua tatu, na ya kwanza ni usalama. Kuomboleza kunafuata, kisha kurudi kwa watu. Napenda mpangilio huo kwa sababu unakataza haraka. Mwezi wa kwanza kazi yako ni kulala, kula, na kufunga mlango. Maswali ya "kwa nini nilikubali haya" yatakuwapo bado mwezi wa nne, utayajibu ukiwa na nguvu. Kisha mtafute dada yako, au ndugu yeyote uliyekuwa ukimficha. Usianze kwa maelezo marefu, msalimie tu. Wengi wao walishajua. Ukipita mwezi na bado unaota ndoto za kutisha, unashtuka kwa kila mlio au unakwepa mahali palipofanana na pale, nenda kwa mtaalamu umweleze hivyo hivyo. Hali hiyo ina jina na ina tiba.

Harusi sasa. Usiisubiri. Baada ya harusi kutakuwa na siku yake ya kuzaliwa, kisha mgonjwa katika familia, kisha sikukuu. Nyumba ya watu haikosi shughuli. Kinachoamua tarehe ni mambo mawili: una pa kulala, na kuna ndugu yake aliyejiandaa kuwa naye. Vikiwa tayari wiki ijayo, ondoka wiki ijayo, na harusini usiende, hata kwa dakika kumi. Mtumie bibi harusi zawadi kwa mkono wa mtu mwingine. Ila kama ndugu unayemtegemea kumwangalia ndiye huyo huyo mdogo wake anayeolewa, hapo nakubali usubiri, au tafuta ndugu mwingine. Mtu hawezi kuwa bibi harusi na mlinzi wa dada yake kwa usiku mmoja.